Gari Halisindikizwi

Kijiji kilikuwa kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, mahali ambapo wilaya moja inaishia na nyingine inaanzia. Sitasema kilikuwa upande upi. Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo haitawaongezea kitu. Mimi nilipelekwa huko miaka ile ya sabini, muda mfupi baada ya operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, nikiwa na cheti cha chuo, sanduku la bati, viatu vya visigino ambavyo sikuvivaa hata siku moja, na cheo. Watu waliniita Bibi Maendeleo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheo hicho nilikipenda kuliko nilivyopaswa.

Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati. Upande huu wananchi wanaotoa nguvu zao, upande ule serikali inayotoa vifaa na kuangalia visipotee. Utaratibu wenyewe haukuwa na fumbo. Wananchi wachimbe msingi, wafyatue matofali, wapandishe boma, yaani kuta tupu zisizo na paa, mpaka usawa wa linta, juu ya milango na madirisha. Likifika hapo mkaguzi anakuja kutoka wilayani, anaona kwa macho yake, anajaza fomu. Fomu inakwenda mkoani, na mkoani wakiridhika, lori linaleta bati, misumari na saruji ya plasta. "Nguvu zenu, bati za serikali!" nilikuwa nikisema mikutanoni, na watu wanapiga makofi. Nilisema kwa kujiamini kabisa kwa sababu nilikuwa nimeyasoma hayo darasani, na mtu akishasoma jambo hudhani limekwisha kutendeka.

Kijiji kiliomba zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Hospitali ilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, na kutwa yenyewe ni ya mtu mzima mwenye afya, si ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu.

Nililala kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mrina asali, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi, ambaye mizinga yake ilibaki kule mwituni walikotolewa, akawa anakwenda kuitazama mara moja kwa mwezi kama mtu anayetembelea ndugu mgonjwa. Mke wake ndiye aliyenipokea hasa. Alinizidi miaka kama minane, akaniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, nami nikamwita dada. Alikuwa na binti mmoja aliyekwisha kuanza shule. Wa pili alizaliwa kwenye njia ya kwenda hospitali, karibu na kijito, na huko huko akazikwa. Aliniambia habari hiyo siku ya tatu tangu nifike, tukipukuchua mahindi, kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza kisima kiko wapi. Mimi nikaendelea kupukuchua.

Kiangazi chote kile alibeba maji. Matofali yanataka maji kuliko mtu anavyofikiri, na maji yalikuwa bondeni. Wanawake walipanda na kushuka na ndoo na vibuyu, wanaume wakakanyaga udongo, wakafyatua, wakaanika. Dada ndiye aliyeamua chumba cha kujifungulia kiwe upande gani. Alisema kiwe upande wa chini wa mteremko, ili mwanamke akitoka ndani asipite mbele ya watu waliokaa kwenye foleni ya dawa. Fundi alinung'unika kwamba upande huo msingi utakuwa mkubwa zaidi. Dada akamjibu kwamba mawe hayajaisha duniani, akaenda kuyaleta mwenyewe.

Matofali yalikuwa mabichi. Hayakuchomwa, kwa sababu kuni za tanuri zingetaka kibali cha misitu, na kibali kingetaka barua, na barua ingetaka mwaka. Nami niliwaambia hakuna shida, bati zitakuja na saruji itakuja, tutayapiga plasta na hayataona tone la mvua. Mwisho wa Septemba kuta zilifika linta. Niliandika barua wilayani siku ile ile, nikampa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kasulu aliyekuwa akipita kununua maharage. Tukakaa kumsubiri mkaguzi.

Oktoba ikaingia na mawingu yake. Mkaguzi hakuonekana. Jioni moja dada alisimama mbele ya boma, mikono kiunoni, akatazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Yewe, mdogo wangu. Nyumba iliyofika juu haiachwi uchi ikanyeshewa. Kwetu nyumba ya namna hiyo ni ya mtu aliyekufa."

"Bati zitakuja, dada."

"Zije. Zitakuta kuta?"

Watu walikuwa wamekata nyasi Agosti kwa ajili ya nyumba zao wenyewe, zile nyumba za operesheni zilizojengwa kwa kukimbizana, ambazo mvua iliyopita ilikuwa inaingia ndani bila kubisha hodi. Wakazitoa. Kila nyumba ilileta mizigo miwili, mitatu. Wanaume walileta miti, wakafunga fito kwa magome, na kwa siku mbili boma likavaa paa la nyasi nene, lililokatwa pembeni vizuri kuliko nyumba yoyote kijijini. Mvua ya kwanza iliponyesha tulikimbilia ndani watu karibu thelathini, kutazama. Hakikudondoka hata kitone. Niliona fahari, nasema kweli. Nilijiona nimeliongoza jambo.

Mkaguzi alikuja Novemba, saa nne asubuhi, na Landrova ya serikali. Alikuwa afisa mipango, nasi tulimwita Bwana Mipango. Mtu wa mkoa mwingine, amevaa kaptula na soksi ndefu, ana haraka lakini si mkorofi. Tangu tulipopata habari kwamba yuko njiani kuku walikwisha kufungwa miguu.

Sasa lazima nieleze jambo moja la Waha, kwa maana bila hilo mtu wa mbali atatuona wajinga. Kwetu mgeni haonyeshwi upungufu akiwa amekaa kitini. Unampokea, mnasalimiana kwa kirefu, mnapigiana makofi, mnaulizana habari za wazee na za mifugo, unamlisha. Ukianza kumtolea shida zako kabla hajashiba, umemwambia aondoke. Shida ina mahali pake, napo ni njiani. Mgeni akiinuka, mwenye nyumba huchukua fimbo yake na kumsindikiza, wanatembea polepole wakizungumza ya kawaida, na wakikaribia mahali pa kuagana ndipo lile neno lenyewe hutoka. Mgeni mwenye adabu anajua hivyo, ndiyo maana hatembei haraka. Mimi mwenyewe ni wa huko, nimezaliwa njia ya Manyovu, nimelelewa hivyo hivyo. Nilijua.

Basi Bwana Mipango alilizunguka jengo. Akainua macho, akatabasamu.

"Mzee mwenyekiti, jengo limekwisha?"

"Ego, bwana mkubwa," mwenyekiti akajibu kwa kuinamisha kichwa, maana "ego" kwa Kiha ni "ndiyo", na mgeni hajibiwi vingine. "Limekwisha. Tunashukuru."

"Nimezunguka vijiji vingi sijaona kazi kama hii. Hiki ni kijiji cha mfano. Bibi Maendeleo, hongera sana."

Akatandaza fomu juu ya boneti ya gari. Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa. Visanduku vilikuwa viwili, kimoja cha jengo lililoezekwa, kingine cha jengo ambalo halijaezekwa. Kalamu yake ikaweka alama ya vema kwenye cha kwanza. Niliona. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufungua mdomo, na majibu ninayojipa hubadilika kulingana na siku. Nilidhani kila mtu anajua nyasi si bati. Nilidhani alama ya vema ni jambo jema, kama shuleni. Lakini kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimesifiwa mbele za watu, na sifa ilikuwa bado inanipasha moto masikioni. Akanipa kalamu niweke sahihi chini ya yake. Nikaweka, na nikaipamba.

Alikula kuku, akala ugali wa muhogo, akapewa chupa ya asali. Kisha akatazama saa. Dereva akawasha gari. Mwenyekiti akainuka, akachukua fimbo yake, wazee wanne wakainuka pamoja naye, tayari kumsindikiza. Bwana Mipango akawapa mkono mmoja mmoja, akaingia ndani ya gari, akafunga mlango. Landrova ikageuka na kushika barabara. Wale wazee wakaifuata kwa miguu, hatua kama hamsini, mpaka vumbi likatulia na barabara ikawa tupu.

"Nilikuwa na neno," mwenyekiti akasema aliporudi. "La bati. Nilikuwa nalitunza tufike pale darajani."

"Gari halisindikizwi, data," mkewe akamwambia, akimwita baba kwa Kiha.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana lilikuwa neno la kuchekesha siku hiyo.

Barua ilifika Januari. Nilisimama nayo barabarani nikaisoma mara tatu. Ofisi ilitupongeza kwa kukamilisha jengo letu kwa nguvu zetu wenyewe, ikasema huo ndio moyo wa kujitegemea unaotakiwa, ikaarifu kwamba kwa kuwa jengo limekwisha kuezekwa, bati zilizokuwa zimetengwa kwa ajili yetu zitapelekwa kwenye kijiji kingine chenye uhitaji. Na kwa kuwa hapakuwa na bati, hapakuwa na saruji, na pasipo saruji jengo halingeweza kupokea dawa wala mkunga, kwa maana idara ya afya haiweki watu wake kwenye nyumba ya udongo na nyasi. Hilo la mwisho halikuandikwa. Nililijua tu.

Nilipanda lori juu ya magunia mpaka wilayani. Bwana Mipango alinikumbuka, akaniulizia hali ya asali. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, lakini hakunipa nafasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo, akatoa fomu tupu na kuigeuza upande wangu.

"Nionyeshe kisanduku cha nyasi, mama."

Hakikuwapo.

"Lakini uliona ni nyasi," nikasema.

"Niliona paa. Na nilimuuliza mwenyekiti, akasema limekwisha. Na wewe umetia sahihi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma alichoandikiwa na daktari. "Fomu iko mkoani. Siwezi kuifuta. Ninachoweza ni kukagua upya. Nitakuja kabla ya mwezi kwisha. Nikikuta boma tupu, nitajaza boma tupu. Nikikuta paa, mkono wangu hauwezi kuandika vingine."

"Na mvua?"

Akatazama dirishani. Ilikuwa wakati ule wa katikati, mvua zinapokatika wiki mbili tatu kabla ya masika yenyewe. Nje palikuwa na jua kali.

"Si imekatika?" akasema.

Nikarudi na hilo. Mkutano uliitishwa mbele ya jengo lenyewe. Nilieleza kwamba paa letu ndilo linalotuzuia kupata paa. Mwenyekiti alitazama chini. Aliyesimama alikuwa mke wake, ambaye hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita wakati ule, imeanza kuonekana chini ya kitenge.

"Mvua haijaondoka," alisema. "Imekaa chini inapumzika. Itainuka. Mnataka kulivua nguo jengo ili mtu wa ofisi aone liko uchi?"

Nilimjibu. Ningekuwa mtu wa kigugumizi, huenda historia ya kijiji kile ingekuwa nyingine. Nilisema bila bati hakuna dawa. Nilisema bila bati hakuna mkunga, na chumba kile alichokichagulia mahali kitabaki ghala la panya. Nilisema ni siku chache tu, kabla ya mwezi kwisha, mkubwa mwenyewe ameahidi kwa kinywa chake. Nilisema vizuri siku ile, kuliko siku yoyote ya utumishi wangu, na hakuna kitu ninachokijutia zaidi. Dada akakaa chini. Hakunitazama.

Tulilivua jengo asubuhi moja. Wanaume walipanda wakakata kamba za magome, nyasi zikashuka kwa mafungu, bado za manjano kwa ndani, bado kavu. Mwenyekiti alitaka zirundikwe pembeni na kufunikwa. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mkaguzi akiona lundo atauliza, na tukijibu ataona tunamchezea. "Asione hata unyasi mmoja," niliwaambia. Basi zikagawanywa, kila mtu akachukua za kuzibia nyumba yake. Miti ya paa ikapelekwa nyuma ya jiko la mwenyekiti. Jioni boma lilikuwa wazi juu, safi kabisa, kama fomu ilivyotaka.

Tukasubiri. Sauti ya injini kwenye barabara ya Kibondo husikika mbali kabla gari halijatokea, na kila iliposikika nilitoka nje nikijifuta mikono. Lori la tumbaku. Gari la mapadri. Lori la maharage tena. Mwezi ukaisha. Siku ya pili ya mwezi mpya yule mfanyabiashara wa Kasulu alisimamisha lori lake mwenyewe, akashuka, akatoa salamu yake ya asalaam aleikum kwa kila mtu aliyekuwapo, Wakristo na wasio na dini pamoja, kisha akaniletea ujumbe wa mdomo kutoka wilayani. Petroli hakuna. Magari yote ya ofisi yamesimama. Bwana Mipango anasema tuvumilie, wiki ijayo au ile nyingine.

"Mmelifungua?" akaniuliza, akilitazama boma.

"Tumelifungua."

Akatikisa kichwa polepole. "Mwenyezi Mungu awasaidie," akasema, akapanda lori lake.

Mvua ilirudi siku ya nne, mchana, na mawe. Kwanza upepo, kisha ile harufu, kisha ikamwagika. Hakuna aliyeitwa; watu walikuja wenyewe. Walileta mikeka ya kulalia, ngozi za ng'ombe, majani ya migomba, vitenge. Mwenyekiti alipanda ukutani akatandika ngozi juu ya linta na kuikandamiza kwa mawe, na upepo ukaichukua. Ajuza mmoja alitoka nyumbani kwake na mzigo wa nyasi kichwani, alizozing'oa kwenye paa lake mwenyewe wakati huo huo inanyesha, akazirudisha. Zilifunika ukuta kiasi cha mkono mmoja. Nilimwambia akaezeke kwake, bibi, akasema kwake hakuna mtu anayezaliwa tena.

Nasi tusingeweza kuezeka upya, hata kama watu wote wangejitolea. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, zikiwa zimekomaa na kukauka. Za mwezi wa pili ni mbichi, fupi, zinaoza juu ya paa zikiwa hazijamaliza mwezi. Kila mtoto wa Buha anajua. Nilijua na mimi, tangu utotoni, na nilikuwa nimelisahau wakati nikisimama mbele ya watu kuwaeleza utaratibu.

Ilinyesha siku hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Tofali bichi halivunjiki. Linarudi kuwa udongo. Unaona kona yake inakuwa ya mviringo, kisha inaanza kutoa machozi ya rangi ya udongo, kisha siku moja asubuhi unakuta lile la juu limekaa juu ya kitu ambacho si tofali tena. Chumba cha kujifungulia kilianguka kwanza, kwa sababu kilikuwa upande wa chini, ambako maji yote yalielekea. Dada alikuwa amesimama karibu nami kilipoanguka. Hakikufanya kelele kubwa. Alisema, "Haya," akaenda kuchochea moto jikoni, nami nikabaki pale nimelowa sijui nifanye nini na mikono yangu.

Bwana Mipango alikuja Machi, kwa gari la kuazima. Mwenyekiti alimwona tangu mbali. Hakuagiza kiti. Hakuuliza habari za nyumbani wala hakupiga makofi. Alikwenda mpaka mlangoni pa gari, mgeni akiwa hajashuka, akamwambia pale pale dirishani, "Hatukumaliza. Zilikuwa nyasi. Tulitaka bati." Sijawahi kumwona Mha wa umri wake akifanya hivyo, si kabla wala baadaye. Aliona aibu, ingawa alikuwa anasema kweli.

Bwana Mipango alishuka, akatembea mpaka kwenye ule udongo, akavua kofia. Nilikuwa nimetunza hasira ya miezi miwili kwa ajili yake, nimeipanga vizuri, na nilipomtazama uso ikanikimbia, nikachukia hata hilo.

"Sina kisanduku cha hili," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ukaguzi mpya ni wa boma lililofika linta. Hapa hakuna boma. Nikiandika hakuna jengo, wataniuliza lile nililolipongeza limekwenda wapi, na watawauliza ninyi vilevile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo fomu ya kwanza ndiyo inayobaki mkoani."

Yaani kule mkoani zahanati yetu ilikuwa imesimama, imeezekwa, imekamilika, kijiji cha mfano. Aliandika kitu kwa penseli nyuma ya karatasi. Sikujua ni nini na sikuuliza. Alipoondoka hakuna mtu aliyechukua fimbo.

Dada alishikwa na uchungu mwishoni mwa Aprili, asubuhi, siku ya jua baada ya mvua ya usiku kucha. Bibi mmoja mzoefu wa kuzalisha alimshika tumbo, akatoka nje akamwambia mwenyekiti, "Huyu si wa hapa. Mpelekeni." Hapakuwa na gari. Wanaume walikwenda nyuma ya jiko, wakachagua miti miwili iliyonyooka, ile ile ya paa, wakafunga blanketi katikati, wakapata machela. Niliitambua. Mmoja ulikuwa bado na alama ya kamba ya gome.

Niliwafuata. Wanaume wanane walipokezana kubeba, mwenyekiti mbele, mimi pembeni ya kichwa cha dada nikimkinga jua kwa kanga. Njia ilikuwa utelezi. Nilikuwa namsindikiza, na mtu anayesindikiza anajua kwamba njiani ndiko neno linakotoka. Nikalisubiri. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme kwamba alikuwa ameniambia. Tulipofika darajani, mahali pa kuagania, alifumbua macho.

"Rudi sasa, mdogo wangu. Umesindikiza vya kutosha."

"Nitakwenda mpaka hospitali."

"Rudi. Binti yangu yuko peke yake. Mpikie."

Nikarudi. Nikampikia.

Alirejea baada ya siku kumi na mbili, kwa miguu, mgongo mtupu. Mtoto alizaliwa njiani, kabla hawajafika, karibu na kijito kile kile. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Imana ndiye mwenye kujua, wazee walisema walipokuja kukaa matangani, wakilitaja jina la Mungu kwa Kiha kama inavyosemwa kila siku, nami nilikaa jikoni nikawaza kwamba Imana anajua, sawa, lakini na mimi najua. Nililia mpaka nikaona haya, maana kilio hakikuwa changu.

Juni nilipata barua ya uhamisho. Nilipelekwa upande wa Kibondo, kijiji kingine karibu na Kasanda, kusimamia boma jingine, na barua ilitaja uzoefu wangu. Nilifunga sanduku langu. Sikutaka kuaga watu, nilipanga nitoke kimya nikasimame barabarani kungoja lori. Nilipotoka nje dada alikuwa amekwisha kuliweka sanduku kichwani.

Tulitembea polepole. Pembeni mwa njia nyasi zilikuwa zimeanza kukomaa, ndefu, zinageuka manjano. Miezi miwili zaidi zingekuwa tayari kukatwa. Tulizungumza ya kawaida, maharage yake, shule ya binti, mizinga ya mwenyekiti. Tukafika barabarani. Lori likasikika mbali. Alishusha sanduku, akalifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano.

"Huko unakokwenda," aliniambia, "ukikuta watu wameezeka, waache."

Lori likasimama. Nikapanda.